Kiti Nyuma ya Kiti

Masoni alikuwa mtu wa kupiga. Naanza na hilo kwa sababu majirani wachache wa avenyu yetu waliobaki humtaja kama mtu wa amani, na mimi huwasikiliza nikanyamaza. Nilimwona kwa macho yangu akimvunja jino msaidizi wake, mtu mzima mwenye watoto watatu, kwa mpini wa mwiko, kwa sababu ya mstari mmoja wa matofali uliopinda kidole kimoja tu. Halafu akamshika mkono, akampeleka bombani, akamsukutua kinywa mwenyewe, akamrudisha ukutani. "Sasa vunja ile mustari," akamwambia, "uanze tena." Yule msaidizi akavunja, akaanza tena, na jioni walikunywa pombe ya kibuyu kimoja.

Jina alikuwa nalo, na lilikuwa kwenye kitabu chake cha kazi, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa fundi mwashi, na sisi tulimwita Masoni, hata mkewe. Alikuwa mfupi, mpana, na bega la kushoto lilishuka kuliko la kulia kwa ajili ya mizigo ya miaka mingi. Akiingia nyumbani kwako, kabla ya salamu, aliweka kiganja ukutani akakipapasa, na kama ukuta haukumpendeza alikwambia papo hapo, mbele ya wageni wako. Mimi nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwake miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuusifu ukuta wangu hata siku moja.

Kanisani alikuwa amejenga nusu ya kuta, lakini misa hakuhudhuria ila Pasaka. Padri alimwomba aje aungame. Masoni akamjibu kwamba hakuna haja, "Padri, bale nilipiga banajua, na balisha kunirudishia." Ilikuwa kweli. Alipiga na alipigwa, na baada ya hapo jambo lilikuwa limekwisha kabisa, asilitaje tena.

Siku moja kule alikojenga, mzungu msimamizi aliamuru apigwe fimbo nane mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu alikataa kupandisha ukuta juu ya msingi ambao haujakauka. Askari aliyepewa fimbo alikuwa jirani yetu, nyumba ya mwisho kabisa ya avenyu. Masoni alizihesabu zote nane kwa sauti. Alipomaliza alivuta suruali juu, akamgeukia yule askari, akamwambia, "Weye unapiga mubaya. Mukono yako inaanguka mbele ya wakati." Jumapili iliyofuata tuliwaona wawili hao wamekaa barazani wakicheka, na askari ndiye aliyekuwa akifuta machozi. Mimi ningekuwa Masoni ningemchukia mtu huyo hadi kaburini.

Sasa niseme habari ya viti, maana ndiyo iliyompa sifa.

Avenyu yetu kwenye cité, mtaa wa weusi wa Élisabethville, haikuwa na wenyeji. Wengine tulitoka kaskazini ya Katanga, baba zetu wakiwa wameletwa na reli na migodi. Wengine walitoka Kasai, walikuwa wamesoma na walijua biashara. Wengine walikuwa Wabemba wa upande wa Rhodesia. Kila kabila lilikuwa na wazee wake, na wazee wa huku hawakusikilizwa kule. Bomba la maji lilikuwa moja. Asubuhi moja wanawake wawili waligombania zamu, ndoo ikarushwa, na mmoja wao, mwanamke wa Kasai, akapoteza jicho. Kabla ya saa sita mchana wanaume walikuwa wamesimama pande mbili za barabara na mapanga mkononi. Mmoja alikwishakatwa sikio.

Masoni alitoka nyumbani kwake amebeba kiti. Alifikiri kitu gani wakati ule sijui, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kurukia ugomvi. Alikiweka kiti katikati ya barabara, akaketi. Halafu akasema kwa sauti ile ya kuitia matofali:

"Hapa hatuna na chefu. Kila nyumba ilete kiti moya. Usiniambie unapenda nini. Uweke kiti yako nyuma ya muntu mwenye unaaminia, njo basi."

Watu walicheka kwanza. Halafu mwanamke mmoja akaleta kiti chake, na aliyefuata akaleta. Utaratibu aliupanga hapo hapo, akiwazaba makofi wawili waliojaribu kuhutubia. Kila nyumba kiti kimoja, iwe ya mwanamume au ya mjane. Unakiweka nyuma ya mtu unayemwamini katika jambo hilo, hata kama si wa kwenu. Ukibadili mawazo unakibeba unakihamisha. Yule aliye mbele naye anaweza kuinuka akaenda nyuma ya mwingine, na waliokuwa nyuma yake wanamfuata. Mwishowe wanabaki wawili watatu mbele, wasiokuwa nyuma ya mtu yeyote. Hao ndio wanaosema, na wanalokubaliana ndilo tunalofanya wote bila mdomo.

Siku ile ya bomba walibaki wawili mbele: Masoni, na mume wa yule mwanamke aliyepoteza jicho. Kwa nini watu walimpa viti mtu mwenye uchungu kiasi kile sikuelewa, mpaka nilipomsikia. Alisema mkewe ataishi na jicho moja lakini hawezi kuishi kwenye avenyu yenye makaburi. Mapanga yakarudi nyumbani.

Tangu hapo viti vilitoka kila tulipokuwa na jambo. Nakumbuka mtu aliyetoroka mnyororo wa wafungwa, akajificha kwa mjane mmoja. Tumtoe au tumfiche? Viti vilizunguka mchana mzima, na vyote vikaishia nyuma ya yule mjane, aliyekuwa haongei na mtu. Akasema tumfiche. Askari walipokuja walituchapa wanaume watano hadi mmoja akajikojolea, na hakuna aliyefungua kinywa. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watano, na nakiri kwamba nilijivunia makovu yale kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Masoni alilinda utaratibu huo kwa mikono. Mtu akipiga kelele kabla viti havijatulia, alipigwa. Mtu akimshawishi mwenzake ahamishe kiti, alipigwa vizuri zaidi. Mara moja alimpiga shemeji yake mbele ya dada mtu, kwa sababu alimwona akinong'ona. "Kiti haina kinywa," akamwambia. Tulimcheka sana kwa hilo: mtu anayewapatanisha wenzake kwa ngumi. Mwenyewe hakuona kichekesho chochote.

Mimi waliniita Karani. Nilifanya kazi ya kuandika kwenye ofisi moja mjini, na kila jioni watu waliniletea barua niwasomee na kuwaandikia majibu. Nilijua nani ana mke wa pili kijijini, nani anafukuzwa na deni la mahari, nani baba yake amekufa. Sikusema kamwe. Ndiyo maana nami nilikuwa na viti nyuma yangu, kumi au kumi na moja kila mara. Nikiona jambo ni zito nilibeba kiti changu nikakiweka nyuma ya Masoni, na wangu wakanifuata. Sikuwahi kujuta kufanya hivyo.

Kulikuwa na mchinjaji kwenye avenyu yetu, mtu aliyefanya kazi kwenye bucheri ya mjini, na mkewe aliitwa Anastazia. Alimpiga mke huyo kuliko kawaida ya wapigaji, na kawaida yetu haikuwa ndogo. Alimpiga kwa ubapa wa panga la kazini. Alimvunja mfupa wa bega. Tulisikia, tukagonga mlango mara mbili tatu, tukazoea. Mwezi mmoja baada ya kuvunjwa bega, Anastazia alinijia na barua kutoka kwa mama yake huko Lukafu, iliyoandikwa na katekista wa kijiji. Mama alikuwa akimwita arudi nyumbani haraka, kabla hajaletewa maiti yake. Nilipomaliza kusoma aliichukua barua, akaitia kwenye mbabula yangu, jiko la makaa, akaitazama ikiungua.

"Yaya Karani, usiambie muntu," akasema, akiniita yaya kama kaka yake mkubwa. "Hata muke yako. Bwana yangu akijua niko wapi, atanifuata, atanichinja sawa vile anachinja ngombe."

Nikamwapia. Siku ya pili yake hakuonekana tena.

Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha si zamani, na mji mzima ulikuwa na hofu ya batumbula. Nani asiyekumbuka? Ilisemwa kwamba kuna watu weusi waliotumwa na wazungu kukamata wenzao, wakawatia shimoni, wakawanenepesha mpaka wakawa nguruwe, wakaliwa sikukuu. Ilisemwa mutumbula hutembea na tochi na mpira wa maji, na akikumulika unapoteza sauti. Watu wazima waliacha kwenda choo cha nje peke yao. Mimi niliyesoma, nami niliacha.

Jumapili, siku ya nne tangu Anastazia apotee, tulikuwa tumetoka misa. Mchinjaji aliingia nyumbani kwa mpishi, jirani mpole aliyewapikia wazungu katikati ya mji, akatoka ameshika tochi na kipande cha mpira.

"Muone! Yee njo alibeba muke yangu! Iko na torche, iko na mupira! Mutumbula iko hapa hapa kwetu!"

"Ile mupira ni ya kunyweshea mboga," mpishi akalia. "Bwana alinipatia. Mama Roza, baambie!"

Mkewe Mama Roza alipiga mayowe, lakini tayari walikuwa wamemwangusha mumewe. Walimburuta barabarani kwa miguu, kichwa kikigonga mawe. Jicho moja lilifumba kwa damu. Mtu alimkanyaga vidole mpaka tukasikia vikivunjika, na mtu huyo alikuwa mpole kama mimi, mtu wa kwaya.

Masoni akatoka na kiti.

"Biti," akasema.

Na watu wakatii. Mpaka leo siwezi kuamini, lakini walitii. Walimwachia mpishi, wakaenda nyumbani mmoja mmoja, wakarudi na viti vyao, wakihema. Mpishi naye aliomba chake, maana nyumba yake ilikuwa na haki kama nyingine. Mama Roza alimletea. Akakibeba kwa mkono uliobaki mzima, akakiweka nyuma kabisa ya mgongo wa Masoni, karibu magoti yamguse, akaketi. Nilimwona amefumba jicho lile la pili, kama mtu aliyekwishafika salama.

Mistari ikawa mitatu. Mchinjaji na viti sita au saba nyuma yake, Masoni na watu wengi, na mimi na wangu kumi na mmoja. Nilijua mpishi hana kosa. Avenyu nzima ni mimi peke yangu niliyejua Anastazia yuko wapi, ndivyo nilivyodhani. Nikisema, mchinjaji angekuwa njiani kwenda Lukafu kabla jua halijazama. Nisiposema, mpishi yuko mikononi mwetu. Halafu nikamtazama Masoni, nikaona njia. Masoni hakuwahi kuruhusu mtu auawe. Nikibeba kiti changu nikakiweka kwake, mstari wake unakuwa mkubwa, yeye atasema hapana, mpishi atapona na Anastazia atapona, na mimi sitakuwa nimevunja kiapo. Nikabeba. Watu wangu wakanifuata, tukaketi mwisho wa mstari wake. Niliona raha mwilini, nisidanganye.

Masoni aligeuka akanitazama muda mrefu. Halafu akainuka. Akashika kiti chake, akautembea mstari wake wote, akipita mtu mmoja mmoja, mpaka kwangu mwisho. Akakiweka kiti nyuma ya mgongo wangu, akaketi.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Watu waligeuza shingo huku na huku wakitafuta aliye mbele. Mimi nilikuwa namfuata yeye, na yeye ananifuata mimi, na avenyu nzima ilikuwa inafuatana baina yetu. Kule mbele alibaki mpishi. Kiti alichokuwa amejificha nyuma yake kilikuwa kimeondoka, na mbele yake kulikuwa na barabara tupu na mchinjaji.

"Muzee," nikanong'ona bila kugeuka, "unafanya nini? Rudi mbele."

"Sema, Karani," akajibu nyuma yangu. "Sema weye."

Sikusema. Nilingoja arudi mbele, naye alingoja. Mchinjaji hakuwa mjinga. Alisimama, akahesabu kwa kidole, akatutazama sote.

"Mbele ni miye peke, mupishi anafuata Masoni," akasema. "Si njo sheria yenu? Mwenye hana muntu mbele yake njo anasema. Basi ninasema. Mutumbula anakufa."

Ilikuwa kweli. Ndiyo iliyokuwa sheria yetu, na tulikuwa tumechapwa fimbo kwa ajili ya kuitii. Mtu wa kwanza kuinuka alikuwa wa upande wa mchinjaji, lakini wa pili alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja wangu. Waliinuka na viti mkononi, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu. Vilikuwa vya mti mgumu, alivichonga seremala wa avenyu yetu. Mpishi aliita jina la Masoni mara mbili. Halafu sauti ikawa nyingine, sauti ya mti juu ya kitu kinachozidi kulainika. Mama Roza alitupwa kando, akarudi, akatupwa tena. Mikono ya Masoni, iliyompiga mtu kwa ajili ya tofali lililopinda, ilikaa juu ya magoti yake. Nilipogeuka niliiona bado iko pale pale. Aliporuka hatimaye na kumvunja mchinjaji mkono, hapakuwa na la kuokoa. Mpishi hakuwa na uso tena.

Polisi walimchukua mchinjaji na wengine watano. Sisi wengine tulichapwa, safari hii kwa haki. Mama Roza aliondoka na watoto wake wanne bila kuaga, na watu walifunga milango alipopita, maana mke wa mutumbula naye ni wa kuogopwa. Anastazia hakurudi kamwe, na kila mwaka kutorudi kwake kulizidi kuthibitisha kosa la mpishi. Viti havikutoka tena barabarani. Masoni alihama kabla ya mvua.

Miaka minane ilipita. Ofisi ilinituma Kipushi na karatasi za kutia sahihi, na nikiwa natafuta kivuli karibu na soko nilimwona mzee akipandisha ukuta wa duka. Bega la kushoto lilinitambulisha. Alikuwa peke yake, hana msaidizi, anachanganya saruji mwenyewe.

"Karani," akasema, hakushangaa. "Ulizeeka."

"Muzee, nawe pia."

Nilikaa juu ya matofali yake. Tulisema habari za afya na za wafu. Kisha nikamwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu: barua, Lukafu, kiapo. Nilimwambia kwamba nilijua siku ile mpishi hana kosa, na nilinyamaza. Nilikuwa nalia, sikuona haya. Alisikiliza huku akikoroga saruji. Nilitegemea anipige. Nilitaka anipige.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Anastazia. Alipita ku chantier yangu, kwenye nilikuwa najenga, ku njia ya Lukafu, na kifurushi. Miye njo nilimusimamishia kamyo. Nilimupandisha na mikono yangu. Aliniapisha, sawa weye."

Nikafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Na weye?"

"Nilifikiri utasema wewe, Muzee."

"Miye vile vile." Aliegemeza koleo ukutani. "Nilisema ndani ya roho: Karani anasomaka barua, lazima anajua. Bantu banaamini karatasi kupita kinywa ya masoni. Nilikuwekea kiti nyuma juu useme."

Jua lilikuwa kali, saruji ikaanza kukauka kwenye karai, naye hakuiokoa. Baadaye alinyosha mwiko kuelekea nyuma ya soko, kwenye safu ya nyumba za udongo.

"Mama Roza iko kule, nyumba ya mwisho," akasema. "Anauzisha mikate. Batoto yake banabaita batoto ya mutumbula. Binti wa kwanza alisha kukosa bwana mara mbili. Mukubwa wa kiume balimupiga mawe, anatembea na fimbo."

"Alisha kujua ukweli?"

"Nani angemuambia? Ni siye babili tu."

Mchinjaji alikuwa amefia jela mwaka uliopita, na habari hiyo tuliijua wote wawili. Hapakuwa tena na mtu wa kumfuata Anastazia Lukafu. Kiapo hakikuwa na wa kumlinda.

"Basi enda, Karani," akasema Masoni. "Leo hii. Weye njo unajua kusema muzuri. Nenda umuambie bwana yake hakukuwa mutumbula."

"Wewe unakaa hapa hapa, Muzee," nikasema. "Unamwona kila siku. Na wewe ndiye mkubwa, atakusikiliza zaidi."

Alitikisa kichwa polepole, akachukua tofali, akaligeuza mikononi, akalipaka saruji iliyoanza kuwa ngumu.

"Sawa," akasema. "Tutaona."

Tuliagana kwa mikono miwili. Lori la kurudi mjini lilipita nyuma ya soko, na nilimwona mwanamke amesimama mlangoni pa nyumba ya mwisho, na sinia la mikate kichwani, akingoja vumbi litulie ndipo avuke. Dereva alipunguza mwendo. Ningeweza kushuka. Nikajiambia kwamba Masoni atakwenda jioni hiyo hiyo akimaliza ukuta wake, kwa kuwa kati yetu wawili yeye ndiye mtu wa kuaminiwa.